Mtoto aliniuliza milele itaisha lini

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 41, nimeolewa, na nimefundisha shule ya Jumapili kwa miaka 11. Nakuandikia saa nane za usiku kwa sababu ndiyo saa ninayozinduka siku hizi.

Miezi minne iliyopita nilikuwa na darasa la watoto wa miaka 8 hadi 10. Somo lilikuwa jepesi: Mungu hana mwanzo wala mwisho. Nikachora duara ubaoni, kama nilivyochorewa mimi nikiwa mdogo, nikawaambia watafute linapoanzia. Walipita mmoja mmoja kuweka kidole, kila mtu na pake, wanacheka. Kisha binti mmoja mpole, ambaye kwa kawaida hasemi kitu, akasema, "Mwalimu, lakini wewe ulianzia pale juu. Nilikuona." Tukacheka wote. Halafu akauliza, "Na sisi tukifika mbinguni, itaisha lini?" Nikamwambia haiishi. Akafikiri kidogo. "Hata tukichoka?" Nikasema kule hakuna kuchoka.

Shangazi, yule mtoto akaanza kulia. Hakikuwa kilio cha kudeka. Alilia kama mtu aliyesikia mlango unafungwa kwa nje. "Sitaki isiyoisha," ndivyo alivyosema. Nikaanzisha wimbo, nikahamia kisa kingine.

Usiku ule nilikumbuka kitu nilichokuwa nimekizika. Katika umri kama wake, nilikuwa nalala nahesabu: mwaka wa elfu, elfu kumi, elfu mara elfu, na bado ndiyo kwanza tunaanza. Moyo ulikuwa unakwenda mbio hadi nakaa kitandani. Sikumwambia mtu. Nilijifundisha kutofikiri, nikafaulu kwa miaka thelathini. Sasa imerudi.

Na haikurudi peke yake. Mwaka jana nilifiwa na mdogo wangu wa kike, akiwa na miaka 34. Tuliomba miezi saba. Alikuwa ameng'ang'ania Isaya 38, pale mfalme Hezekia alipolia akaongezewa miaka 15. Aliniambia, "Dada, mimi siombi 15. Anipe mitano tu, watoto wapate akili." Hakupewa. Sasa najiuliza: kama Mungu ni wa milele na anaona mwisho tangu mwanzo, basi siku zile nilizofunga alikuwa ameshaliona kaburi. Nilikuwa naongea na mtu aliyekwisha kukisoma kitabu mpaka ukurasa wa mwisho, namsihi abadilishe sura. Na kama miaka elfu kwake ni kama siku ya jana, miaka 34 ya mdogo wangu ni nini? Hata kope haijapepesa.

Mume wangu ni mzee wa kanisa, mtu mwema sana. Nilijaribu kumgusia mara moja. Akanijibu, "Maswali hayo yana mwenyewe, na mwenyewe unamjua." Akaniombea. Nikasema amina, nikageukia ukutani.

Sasa mchungaji ameniomba niwafundishe walimu wenzangu masomo sita juu ya sifa za Mungu, na la kwanza ni umilele wake. Nilikubali kwa kuwa sikujua nikatae vipi. Naona njia tatu. Nisingizie kazi zimenizidi. Nisimame nifundishe nilivyofundishwa, huku natabasamu. Au niseme ukweli, nionekane nimeanguka, na aibu impate mume wangu pia. Yule binti bado anakuja. Anakaa nyuma, na mimi ndiye ninayemkwepa macho.

Je, mtu anayeuogopa umilele anaweza kumfundisha Mungu wa milele?

Mwalimu wa Duara

*

Marahaba, mwanangu. Na pole kwa mdogo wako. Mwaka mmoja si muda mrefu kwa msiba wa namna hiyo, ingawa wanaokuzunguka labda wameshaacha kukupa pole.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nilisimama pale kwenye "ulianzia pale juu, nilikuona." Mtoto yule alikuwa sahihi. Duara lako lilikuwa na mwanzo, maana lilichorwa na mkono, kwa chaki, siku ya Jumapili. Kila mfano tunaotumia kuueleza umilele umechorwa hivyo hivyo, na mtu makini ataona mkono ulipoanzia. Sisemi tuache mifano. Ila nadhani baadhi ya yanayokutesa usiku ni chaki.

Mambo uliyoniandikia umeyafunga kitita kimoja, na nahisi ndiyo maana hayabebeki. Lipo la urefu, yaani hofu ya kitu kisichokoma. Lipo la maombi, kama kuna haja ya kumwomba anayejua. Lipo la mdogo wako, kama miaka yake ilionekana. Halafu lipo la masomo sita, na hilo ndilo pekee lenye tarehe. Si lazima matatu ya kwanza yaishe ndipo uamue la nne.

Nianze na urefu. Wewe na yule binti mlifanya jambo moja: mlihesabu. Mlichukua wakati huu tunaoujua, wa leo kufuatwa na kesho, mkaurefusha hadi kichwa kikazunguka. Milele ya namna hiyo, Jumatatu baada ya Jumatatu bila kituo, ingenitisha hata mimi, na sioni kosa la mtoto kuililia. Swali langu ni kama hiyo ndiyo milele ambayo kanisa limeikiri. Boethius, Mkristo wa Roma aliyeandika akiwa gerezani akisubiri kuuawa, karibu mwaka 524, alisema umilele ni kuwa na uzima usio na kikomo wote kwa pamoja, kwa ukamilifu. Hakuzungumzia muda unaovutwa kama mpira. Alimaanisha kwamba uzima wetu sisi unatujia vipandevipande, hiki kinapokuja kile kimekwisha kututoka, na kwamba kwa Mungu hakuna kinachotoka. Na Yesu, katika Yohana 17:3, anapoueleza uzima wa milele hataji urefu hata kidogo: "Na uzima wa milele ndio huu, Wakujue wewe, Mungu wa pekee wa kweli, na Yesu Kristo uliyemtuma." Anataja kumjua mtu. Hivi umewahi kukaa na umpendaye ukahesabu dakika? Nadhani tunahesabu pale tunapochoka, au tunapoogopa kuachwa.

Hapo nitoke kidogo pembeni. John Mbiti, kasisi na msomi wa Kenya, katika kitabu chake cha mwaka 1969 aliyachukua maneno yetu wenyewe, Sasa na Zamani, kueleza jinsi jamii nyingi za Afrika zilivyouona wakati: si reli inayokimbilia mbele, bali mambo yanayotoka Sasa na kuzama katika Zamani. Wasomi wengine wamempinga, na ubishi wao una uzito. Lakini namkumbuka kila nisomapo Zaburi ya 90, kwa sababu na yenyewe inapotaja milele inaanza kwa kutazama nyuma: "Kabla haijazaliwa milima." Hofu yako yote inatazama mbele. Ukigeuka nyuma, kuna milele nzima iliyokwisha kuwapo bila wewe, na haikukuumiza.

Sidai kwamba maneno haya yatautuliza moyo saa nane za usiku. Maelezo hayambembelezi mtu akalala. Hofu ya kitu kisichoisha inawapata watu wengi, waumini na wasioamini, mara nyingi tangu utotoni, na huweza kurudi kwa nguvu baada ya msiba. Kama usingizi umekatika kwa miezi na moyo unakwenda mbio, zungumza na daktari au mshauri nasaha pia. Kufanya hivyo hakupunguzi imani yako, kama ambavyo dawa alizomeza mdogo wako hazikuyapunguza maombi yenu.

Sasa kitabu kilichokwisha kusomwa. Mfano wako ni mkali, nami siutupi. Lakini tazama unamweka Mungu wapi: unamweka mbele yetu, mwisho wa njia, amefika kabla yetu na kujua yaliyotukuta. Huko bado ni ndani ya wakati, ila ukurasa wa mbali zaidi. Thomas wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, alitumia mfano mwingine: mtu anayepita njiani hawaoni wanaokuja nyuma yake, bali aliye juu ya kilima anawaona wote kwa mara moja. Kwa mfano huo Mungu hakuliona kaburi kwanza kisha akasikia maombi yako kama kelele za baadaye. Maombi na kaburi viko mbele yake pamoja, na kufunga kwako kunaonekana sawasawa na kilichofuata.

Najua utakachonijibu, kwamba aliye juu ya kilima yuko mbali. Ni kweli, na hujawa wa kwanza kuliona. Mwanafalsafa Mkristo wa Marekani, Nicholas Wolterstorff, mwaka 1975 aliandika kwamba Mungu wa Biblia, anayeita, anayejibu na kughairi, hawezi kuwa nje ya wakati. Hana mwanzo wala mwisho, lakini anatembea nasi ndani ya siku zetu. Mwaka 1983 alifiwa na mwanawe wa miaka 25 katika ajali ya mlimani. Sikutajii hayo ili umfuate yeye au Thomas. Nakutajia ujue kwamba swali lililokufanya ugeukie ukutani limewakalisha macho watu wanaosali, na hawakupatana, na wote wawili wamebaki waumini. Kila upande una gharama yake. Ukimweka Mungu nje ya wakati, ukaribu wake unakuwa mgumu kuuhisi. Ukimweka ndani, unaanza kujiuliza kama na yeye anangoja kuona itakuwaje.

Kuhusu Hezekia sina la kukueleza. Sijui kwa nini yeye alipewa 15 na mdogo wako hakupewa mitano, na naomba ujihadhari na atakayekuambia anajua. Ninachokiona ni kwamba sura hiyo hiyo inaanza na neno la Bwana kwamba utakufa, kisha neno la Bwana kwamba machozi yako nimeyaona. Mwandishi ameyaacha yote mawili hapo bila kuyasuluhisha. Na ukienda Yohana 11, Yesu, yule ambaye kanisa linakiri kwamba amezaliwa kwa Baba tangu milele yote, anafika kwenye kaburi la rafiki yake Lazaro siku ya nne, akijua atakachokifanya muda mfupi baadaye, na bado analia machozi. Kwa hesabu yako asingelia, maana kitabu alishakisoma.

Halafu miaka 34. Mwanangu, hapa nitakubishia kidogo. Mstari wa miaka elfu umeushika kwa upande mmoja tu. Waraka wa Petro wa pili, sura ya tatu, unausema kwa pande zote mbili: kwa Bwana siku moja ni kama miaka elfu, na miaka elfu ni kama siku moja. Nusu inayoifanya miaka kuwa midogo umeikariri. Nusu inayoifanya siku moja kuwa kubwa umeiacha. Ile siku mdogo wako aliposema "mitano tu, watoto wapate akili" ilikuwa siku moja. Sijui inapimwaje kule, ila kwa mstari huo siwezi kuiita kope.

Na hiyo Zaburi ya 90, yenye "tangu milele hata milele ndiwe Mungu", isome mpaka chini. Kichwa chake kinaiita sala ya Musa, na ni sala ya watu wanaokufa. Inahesabu miaka sabini, themanini kwa mwenye nguvu, inalalamika kwamba tunapita kama majani, inauliza "hata lini?" Neno la kwanza inalompa Mungu wa milele ni "makao yetu". Nyumba haiulizwi inaisha lini. Lakini angalia, na nyumba nayo ni chaki.

Tuje kwa mume wako. Umelichukua jibu lake kama mlango uliofungwa, na huenda ni kweli. Ila nauliza: alikuwa anakujibu wewe, au alikuwa anajijibu mwenyewe? Naye alifiwa na shemeji. Naye alifunga na kuomba. Wapo wanaume wanaokimbilia kukemea kwa sababu swali limewagusa pabaya. Unaweza kumrudia saa nyingine, mchana, ukimwambia tangu mwanzo kwamba huhitaji jibu wala maombi kwa sasa, unahitaji akusikilize. Inawezekana akarudia yale yale, na hilo litauma kuliko mara ya kwanza. Ungekuwa na nani wa kumkimbilia siku hiyo? Mjue kabla hujaanza.

Juu ya masomo sita, sina uamuzi wa kukupa, ila zile njia tatu nadhani ni zaidi ya tatu. Kupumzika ni njia halali kabisa kwa mfiwa. Kusingizia kazi ndiko kunakonitia wasiwasi, kwa kuwa utakuwa umepata nafasi ya kupumua na siri mpya juu yake. Unaweza kumwambia mchungaji "bado nina msiba, siwezi kwa sasa", na hilo ni kweli tupu. Kufundisha kwa tabasamu unajua wewe kunavyogharimu, na ulishaona kwamba kuna anayetazama mkono. Kusema yote mbele ya walimu siku ya kwanza kuna hatari yake: kitu ulichokificha miaka thelathini kinastahili msikilizaji mmoja kabla ya umati. Unaweza kumwendea mchungaji peke yake. Huenda akakuelewa, huenda akakuondoa darasani, na mimi simjui. Wewe umemwona akiwashughulikia wengine walipotikisika. Unaweza pia kumwomba somo la umilele liwe la sita. Ni jambo dogo, lakini lingekupa muda.

Umeuliza kama anayeuogopa umilele anaweza kumfundisha Mungu wa milele. Nami nikuulize umetoa wapi kwamba mwalimu ni yule aliyemaliza. Agostino, askofu wa Hippo kule Afrika Kaskazini, karibu mwaka 400, aliandika juu ya wakati na umilele kama hakuna mwingine, na katikati ya maandishi hayo anakiri kwamba wakati anaujua asipoulizwa, akiulizwa aueleze hajui. Alikuwa askofu tayari, si mwanafunzi. Anasimulia pia kwamba mtu aliulizwa Mungu alikuwa anafanya nini kabla ya kuumba mbingu na nchi, akajibu kwa dhihaka kwamba alikuwa anawaandalia jehanamu wachunguzi kama wewe. Agostino alikataa kujibu hivyo. Alisema ni heri aseme sijui asichokijua. Hilo halikuamulii lolote, maana Agostino hakuwa na mume mzee wa kanisa wala mdogo wake hakuzikwa mwaka jana. Lakini ulidhani uko nje ya orodha ya walimu, na sioni aliyekufuta.

Limebaki la yule binti, na kwangu hilo haliwezi kungoja masomo sita. Ameona kwamba swali lake lilimtia mwalimu woga, na mtoto akiona hivyo anaweza kuhitimisha kwamba swali ni baya au kwamba yeye ndiye mbaya. Hahitaji Boethius. Pengine anahitaji kusikia kwamba na wewe ulipokuwa na umri wake uliwahi kuogopa jambo hilo hilo. Uwe na kiasi hapo: hofu ya utotoni unaweza kumgawia, hii ya saa nane za usiku si mzigo wa mtoto. Na mzazi wake ajue kwamba mnazungumza.

Kabla hujamweleza chochote, muulize alikuwa anaona nini kichwani alipolia. Hatujui bado. Labda ni hesabu kama yako, labda ni kitu kingine kabisa, labda naye kuna mtu amemzika. Akikujibu, niandikie. Ningependa kujua alichokiona.

Shangazi